Robota la Makoti ya Kanada

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliuza mitumba sokoni Mpanda miaka ya tisini. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya kibanda chake. Nilikuwa nimeolewa karibuni na bado nawaogopa wakwe, lakini huyu sikumwogopa hata siku moja.

Wakati ule shilingi ilikuwa inaanguka. Dola hatukuwahi kuishika, ila machungu yake tuliyajua: robota lilelile la mitumba, kwa tajiri yuleyule wa Dar es Salaam, lilipanda bei kila wifi alipoagiza. Wateja nao hawakuwa na cha kuongeza. Mkulima wa Mwamkulu alikuja baada ya kuuza mahindi, akashika shati, akauliza bei, akalirudisha taratibu kama anayemrudisha mtoto wa watu kwa mama yake. Jirani yetu, baba mmoja aliyeuza suruali mpya, alianza kufungua duka saa nne badala ya saa mbili. Hakuona sababu ya kuwahi.

Oktoba moja wifi alikusanya kila alichokuwa nacho, akaagiza robota la mashati. Likaja na treni kutoka Tabora. Tulilifungua mbele ya watu, kama desturi yake. Hakuwahi kufungulia nyumbani ili nguo nzuri azifiche kwanza. Akakata kamba. Likafumuka koti nene kama godoro, lina kofia yenye manyoya. Chini yake koti jingine, na jingine. Robota zima lilikuwa makoti ya baridi. Nikasoma kibandiko shingoni: Kanada.

Soko likaangua kicheko. Jirani akasema kutoka mlangoni kwake, "Mama, hayo subiri theluji ianguke Mpanda!"

Mimi machozi yalinilengalenga. Wifi aliyatazama. Kisha akachukua koti jekundu, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni, akavuta kofia, akaanza kuzunguka soko. Saa saba mchana, jua la Oktoba! Jasho lilimtiririka mpaka puani.

"Nyie chekeni tu," alisema. "Mwenye ng'ombe kule Majimoto analala nje na mbu. Dereva wa Sumbawanga asubuhi anatetemeka mpaka meno yanagongana. Njooni mshike!"

Mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji, akaja kulipapasa. "Mbu anapita hapa?"

"Akipita, nirudishie koti pamoja na mbu wake."

Mzee akacheka, akanunua, akaondoka amelivaa juu ya baiskeli. Wafugaji wengine wakamfuata, na madereva wawili watatu. Lakini baada ya wiki moja makoti mengi yalikuwa bado yamelala palepale.

Ndipo wifi akaniletea moja kwenye cherehani. "Ndani lina nini hili?"

"Pamba. Na bitana."

"Na zipu," akasema.

Tukatazamana. Zipu mpya nazo zilitoka nje, zimepanda bei kama kila kitu. Mafundi wa mji mzima walikuwa wanashona vifungo kwenye suruali za watu. Na kila koti lilikuwa na zipu nne ndogo za mifukoni.

Nilishika mkasi. Koti lilikuwa zima, halina hata doa. "Nikikosea je?"

"Tutapata mto wa kulalia. Kata."

Tulifumua wiki mbili. Zipu ndogo mafundi walizigombania. Bitana iliyong'aa nikaishonea magauni ya watoto, na akina mama wa Kirundi, wakimbizi waliokuja sokoni kutoka mashambani waliyanunua kwa ajili ya Krismasi. Pamba ikawa mito. Kitambaa cha nje, kisichopitisha maji, nikakishonea mabegi ya shule kwa zile zipu ndefu za mbele. Wifi hakutajirika kwa hayo, lakini aliagiza robota jingine.

Jirani yetu hakuweza kuagiza tena. Baada ya mwaka mpya alifunga duka, akakaa nje kwenye kiti siku nzima, mikono magotini. Wifi akamwendea.

"Kaka, baiskeli yako nzima? Nina mabegi ya kupeleka gulioni Kasekese. Na nafasi kwenye baraza ipo."

Aliporudi nilimnong'oneza kwa hasira, "Wifi, huyu si alitucheka?"

"Alicheka kwa kuwa nilichekesha," akanijibu. "Ungemwona mtu amevaa lile koti juani, wewe ungenyamaza?"

Jumatatu jirani alikuja na benchi lake na futi yake ya mbao aliyokuwa akipimia suruali. Wifi alisogeza meza yake mwenyewe juani ili benchi likae kivulini. Jirani alikaa nasi miaka mitatu. Shilingi haikuacha kuanguka, na kila robota lilikuja na mambo yake, lakini sikumbuki asubuhi hata moja niliyofika nikakuta kibanda kile kimefungwa.