AI yangu imekataa nyongeza

Jamani, AI yangu leo imekataa nyongeza!

Nilikuwa bize, nikaiachia iagize kilo ya vitunguu kwa meseji kwa Mama Faraja, muuzaji wangu wa siku zote wa soko la hapa Karatu.

Mama akajibu kama kawaida yake: "Sawa mwanangu, nakuwekea na nyanya za watoto."

AI ikamwandikia: "Asante, lakini hatukuagiza nyanya. Tafadhali ziondoe."

Ziondoe! 😭

Nikakimbia sokoni. Nikamkuta anapima vitunguu vyangu, haniangalii.

"Shikamoo mama. Ile meseji imeandikwa na AI, siyo mimi."

"Marahaba. Mwambie huyo AI nimemsikia."

Kisha akatoa kitunguu kimoja kwenye mzani.

"Kilo yako hiyo. Haijazidi."

Nyie, nyongeza ikishaondoka inarudishwaje?