Uso wa Mjomba

Kila mtu mjini alijua namna ya kumpiga bingwa, isipokuwa wale waliowahi kupanda naye ulingoni. Mwaka ule, katika miaka ya hamsini, mimi ndiye niliyekuwa nipande, na nilishauriwa mpaka masikio yakawaka.

Bingwa alikuwa bawabu wa hoteli katikati ya Nairobi, mtu mzima aliyekaribia arobaini, mwenye koti la vifungo vya shaba na shingo kama kisiki. Kwa miaka mingi hakuna aliyemweza. Mimi nilikuwa seremala katika karakana ya Kalasinga mmoja, si mbali na hoteli hiyo, na nilikuwa nimekwisha kutengeneza kabati dogo la mvule la kuwekea kikombe cha ubingwa. Kabati lilikaa tupu chumbani kwetu Hurlingham, kwenye nyumba za watumishi, nilikoishi na binamu yangu aliyekuwa mpishi wa Wazungu. Ubingwa ule niliutaka kuliko nilivyotaka kuoa.

Mwajiri wangu alisema, huku akichungulia unyoofu wa ubao kwa jicho moja, "Mzee pumzi hana. Wewe kimbia, zunguka, zunguka tu. Raundi ya tatu yeye nakwisha choka." Jioni binamu yangu akayafuta yote hayo. "Kukimbia ni kazi ya swara. Kengele ikilia tu, mwingilie, usimpe nafasi ya kupumua." Naye kinyozi wa Dagoretti Corner, aliyetufundisha ngumi uani nyuma ya duka lake, na ambaye hakuwahi kupigwa na yeyote ila mkewe, aliapa kwamba bingwa ataangushwa na mtu wa mashoto. Nikamwambia mimi si wa mashoto. "Basi jifunze," akasema. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kero yangu ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemtazama bingwa mapambano manne mfululizo, bila kupiga kelele na wengine. Miguu yake ilikuwa imekwisha, na yeye alijua. Kwa hiyo alikuwa haendi popote. Aliegemea kamba, akakungoja umfuate, kisha akakupokea na ule mkono wa kulia. Wenye pupa wote waliangukia hapo. Mtu wa kumshinda alikuwa ni yule asiyekubali mwaliko: unamdonoa usoni kwa kushoto, unaondoka. Unarudi, unamdonoa usoni, unaondoka. Ngumi ya kwanza aliweza bado kuiona. Ya pili, ikifuata haraka, alichelewa.

Usoni, usoni, usoni. Nilifanya mazoezi hayo mpaka kiwiko kikavimba.

Ndipo kinyozi akaniambia, siku nne kabla ya pambano, "Umeenda kumsalimu? Yule ni mtu wa kwenu. Utapigana vipi na mtu wa kwenu hujamsalimu?"

Nami, mjinga wa adabu, nikaenda.

Sisi watu wa magharibi ya nchi tukikutana mjini hatuulizani habari tukaachana. Tunaulizana kijiji, mto, ukoo wa baba, kisha tunahamia kwa mama. Bingwa alinipokea vizuri kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, akanipa chai, akaanza kuuliza. Nilipotaja ukoo wa mama alitua kikombe chini. Akauliza babu yake mama ni nani, na bibi yake alizikwa wapi. Nilijibu yote. Laiti ningejifanya bubu!

"Basi mimi ni mjomba wako," akasema, akacheka mpaka kofia ikamwegemea sikioni. "Mama yako ni dada yangu."

Hawakuzaliwa tumbo moja wala hawakuwa na baba mmoja, lakini kwetu hilo halipunguzi kitu. Mjomba ni mjomba. Kumpiga mjomba usoni ni jambo ambalo wazee huliitia kondoo wa kutakasa, na baraka yake ikikugeukia kuwa laana hakuna pa kukata rufaa. Nilirudi Hurlingham kwa miguu nikijitukana njia nzima. Binamu yangu aliposikia aliacha kula. "Utampiga wapi sasa?" akauliza. Nikasema mbavuni. Mbavu nilijiruhusu mwenyewe, kwa hoja za mtu anayezama.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbini, watu wamejaa mpaka madirishani. Kengele ilipolia, yule mzee aliteremsha mikono yote miwili akazikumbatia mbavu zake, akaniachia uso mtupu, mkubwa, unaotabasamu. Nilitaka kulia kwa hasira. Kinyozi alikuwa akipiga kelele kwenye kona yangu, "Uso huo! Uso huo wazi!" kana kwamba mimi ni kipofu. Raundi mbili nilipiga viwiko vya mtu, na kila nilipokaribia nikapokelewa.

Raundi ya tatu alichoka. Kifua kilikuwa kikivuma, na mikono ikaanza kumlemea. Alinikumbatia, akaweka mdomo sikioni kwangu, akasema kwa lugha ya kwetu, "Nipige usoni, mwana wa dada. Nipige tumalize."

Refa akatutenganisha. Mjomba akasimama mbele yangu, hatabasamu tena, ananingoja. Mkono wangu wa kushoto uliinuka hadi begani ukagoma hapo. Nilimpiga tumboni mara mbili, taratibu, kama abishaye hodi kwa wakwe. Kengele ya mwisho ikalia. Akashinda kwa pointi.

Watu walinizomea hadi mtaani. Mwajiri wangu alininunia wiki nzima. Mimi nilijifariji kwamba angalau nimetunza heshima.

Lakini bingwa hakuruhusiwa kustaafu. Waandaaji walisema ubingwa hauachwi kama koti, sharti mtu auchukue. Wakamletea kijana mgeni mjini, asiyejua ukoo wa mtu. Hakuwa wa mashoto, hakukimbia, hakuvamia. Alidonoa usoni akaondoka, akarudi, akadonoa, na hakuna aliyemwambia basi. Jicho la kulia la mjomba halikuona tena. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika chochote. Aliyevunjika ni mkuu.

Nilikwenda kumwona kabla hajarudi nyumbani kwao. Nilimpelekea lile kabati, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuliona. Alilipapasa pembe, akalisifu, kisha akanigeuzia jicho lililobaki.

"Mjomba akikutuma dukani, unakwenda?"

"Nakwenda, mjomba."

"Akikutuma maji, unakwenda?"

"Nakwenda."

"Siku ile nilikutuma," akasema. "Mbona hukwenda?"