Neno la Mwisho la Mama

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba vijana wa parokia walipomchagua aigize katika filamu yao. Walikwenda kuipiga picha huko Tchomia, kando ya ziwa, na mama akamfuata kwa majuma mawili. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilibaki nyumbani, mtaani Lumumba, na wadogo wengine, nikipika sombe, majani ya muhogo. Waliporudi walikuwa na vichekesho vya wao wawili tu. Hakuna aliyenieleza hata kimoja.

Alikua, akaenda Kinshasa, akawa mwongozaji wa filamu. Mimi nilimuuguza mama miaka minne. Mama alipofariki, mwaka jana, yeye alifika siku mbili baada ya maziko. Watu wa matanga walimzunguka wakampa pole. Mimi walinipa sufuria.

Kesho yake alikuja kukaa karibu yangu jikoni, akaniita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya, mama alisema nini mwisho?"

Mama alikuwa ameita jina la utotoni la huyu mdogo wangu mara tatu, akanyamaza. Mkono aliokuwa ameushika ni wangu.

"Aliniambia, asante binti yangu," nikajibu.

Akaandika.

Mwaka huu alileta filamu aliyotengeneza juu ya mama, akaionyesha Jumapili baada ya misa, katika sale, ule ukumbi wa parokia. Inaishia kwa mwanamke kitandani anayesema, "Asante, binti yangu." Wanawake walilia. Mmoja alinigusa goti: "Weye ulipata baraka, mama." Kusema kweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipomwona mdogo wangu amesimama ukutani, anautazama mdomo wa yule mwigizaji kama mtoto aliyenyimwa chakula.

Watu walipotoka, tukabaki tunapanga viti.

"Ule mwisho nilitunga miye mwenyewe," nikamwambia. "Mama aliita weye."

Hakunigombeza. Aliweka chini kiti alichobeba.

"Aliita namna gani? Kwa hasira ao kwa kubembeleza?"

"Kwa kubembeleza."

"Fanya, nisikie."

Nikaita lile jina kwa sauti ya mama.

"Polepole zaidi, yaya. Rudia."

Nikarudia. Mara ya tatu hakuniongoza tena. Aliketi kwenye saruji, akalia bila kuficha uso. Nilisimama na viti vyangu. Nilikuwa nimempa kilicho chake, na bado nilitamani kingekuwa changu.