Wachoyo wa Mtopanga

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya vita, nilikabidhiwa upawa wa bati wenye mpini mrefu. Kazi yetu pale ofisi ya afya, Changamwe, ilikuwa kuchota maji ya madimbwi, kutazama kama yana viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, kisha kuyamwagia mafuta wafe.

Kwa kuwa nilisoma shule ya misheni, Bwana Mkaguzi, mzungu aliyetusimamia, alinipa ripoti ya daktari niwasomee watu wa Mtopanga kwa Kiswahili.

"Utaielewa?" aliniuliza.

"Naam, bwana."

Sikuielewa. Ilijaa hesabu na maneno mazito. Neno moja tu la Kiingereza, "mean", lilinipa moyo, maana shuleni nilifunzwa kuwa ni mchoyo. Sikujua kwamba kwa wataalamu neno hilo hilo ni wastani. Basi nikasimama barazani, nikatangaza: daktari amepima, ameona nyumba za Mtopanga ni za wachoyo.

Kisha Bi Sidi, mama mtu mzima aliyeheshimiwa pale, akainuka.

"Mwanangu, daktari huyo alikuja kwangu nikamwangulia dafu, akanywa. Leo mimi ndimi mchoyo?"

Akaondoka, na watu wote nyuma yake. Tulipokwenda na mafuta, wakatufukuza. Mvua zikanyesha, homa ikawashika watoto kabla hatujakubaliwa kurudi. Mjukuu wa Bi Sidi aliugua sana. Alipona, lakini mimi nilikuwa nikipita njia ya nyuma nisikutane na bibi yake.

Bwana Mkaguzi alinieleza wastani ni nini, akachora na mistari. "Umefahamu sasa?"

"Naam, bwana," nikajibu, nami nimeshika neno moja tu. Mistari ile ilinipita.

Nikahamishiwa Likoni, kisha Kisauni, nikapanda cheo hadi kuwa msimamizi. Kila ripoti nilisoma mwanzo na mwisho, kurasa za hesabu nikizifunua upesi mtu asinione.

Siku ya kustaafu, wenzangu walinisifu kuwa bingwa wa kufasiri maandishi ya wataalamu. Walipopiga makofi nilitamani ardhi ipasuke. Hafla ilipokwisha nilichukua ripoti mpya mezani, nikabisha hodi kwa daktari wetu, binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho.

"Daktari, ukurasa huu siuelewi. Wala ripoti zilizotangulia zote sikuzielewa."

Hakucheka. Alisogeza vikombe vya chai kando.

"Karibu, mzee. Tuanze na upi?"

Nikavuta kiti.