Papa alivaa kravati juu ya conférence ya Furaha

Leo Papa yetu alivaa koti na kravati juu ya kuangalia telefone yangu.

Hata miye bado sijaelewa vizuri, lakini musikilize.

Dada yangu Furaha iko anasoma Amerika. Asubuhi alituandikia: «Leo niko na conférence ya université za Weusi. Muniangalie!»

Papa akatangaza mu kijiji yetu Kibabi nzima kwamba mutoto wake atahutubia. Majirani wakaacha maharage mu shamba, wakakuja na viti. Mwalimu mumoja akaleta hata cahier ya kuandika.

Réseau ya telefone ikaingia. Furaha huyu hapa, amevaa kaptula, anakimbia!

Majirani wakasimama wote.

Papa: «Nani anamufukuza?»

Munajua vile iko huku kwetu: ukiona mutu anakimbia, vita iko nyuma yake. Mama alishafunga kitenge, anatafuta sufuria ya kubeba.

Kisha Furaha akapiga simu: «Papa, nimeshinda! Conférence njo muungano wa université zenye zilianzishwa kwa ajili ya Weusi. Tunashindana michezo.»

Papa akanyoosha kravati.

«Sawa, mwanangu. Lakini zile université zingine ziko za nani?»

Furaha akakata simu. Papa akanigeukia miye.

Mwenye anajua amujibu Papa hapa chini. Papa hajatoa kravati.