Mwamba Mpya wa Iyolwa

Watu wa kwetu Kisoko wakitaka kunichokoza, mpaka leo, huniletea kiazi na kuniuliza, "Bwana Obbo, hili ni jiwe gani?" Nacheka nao. Nikinuna wataanza kulisimulia jambo lenyewe, na wao hutia chumvi. Afadhali nilisimulie mimi, kwa mdomo huu huu ulioniponza.

Mwaka 1966 nilikuwa kibarua wa mtaalamu wa mawe, Bwana Emuron, mtu wa kabila la Wateso aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Alikuwa akichora ramani ya miamba kutoka Tororo hadi mpakani Busia. Yeye alipiga mwamba kwa nyundo, akavunja kipande cha ukubwa wa ngumi, akakikwaruza kwa kisu, akakitazama kwa kioo cha kukuza. Mimi nilikifunga kwa gazeti, nikakitia kwenye gunia, nikalibeba gunia. Siku moja kule vilima vya Sukulu alidondosha tone la asidi juu ya jiwe, jiwe likatoa povu, na mimi nikajiona nimeshahitimu. Tangu siku hiyo nikawa natembea na kisu mfukoni. Nikikaribishwa chai kwa watu, nilikwaruza mafiga yao.

Utaalamu huo ndio ulionikosanisha na mke wangu, Awor. Alikuwa amechoka kuteka maji mbali. Nikamwambia asihangaike, mimi mawe nayajua, maji yako hapa hapa nyuma ya nyumba. Tukachimba kisima miezi miwili, mimi chini na sururu, yeye juu akivuta udongo kwa kamba, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba. Kila aliponiuliza nilimjibu, "Yako karibu." Futi ya thelathini tukakuta mwamba mkavu, nikamwambia huo ndio mfuniko wa maji. Kesho yake mbuzi wake akatumbukia humo akavunjika shingo. Awor hakunigombeza. Alifunga nguo zake akaenda kwao Iyolwa, na baada ya wiki moja mama yake akanitumia neno kwamba binti yake atarudi siku mumewe atakapopata akili.

Neno hilo liliniuma. Nilimpenda Awor, na nyumba bila yeye ilinishinda kabisa. Uji niliopika uliungua chini na kubaki mbichi juu, nikawa nakula katikati. Lakini hata hiyo akili niliyoambiwa nikaitafute sikuielewa. Nilidhani mama mkwe anataka nipate kazi ya kudumu, yenye barua na mhuri, na Bwana Emuron alikuwa amesema mwisho wa mwaka atamwandika kibarua mmoja kuwa msaidizi wake. Basi nikaamua lazima nivumbue kitu.

Mwezi wa kumi alinituma peke yangu nikaokote vipande upande wa Iyolwa. Sasa, kwetu sisi watu wa kabila la Jopadhola mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akikuona unakuja anajificha, nawe ukimwona mbele unageuza njia. Mkiwa na neno mnapitisha kwa mtu wa kati. Jina lake hulitamki, na ndiyo maana hata hapa silitamki. Kwa heshima hiyo niliikwepa njia ya kwao, nikafuata kijito.

Pale kijitoni, kwenye tope, nikaona jiwe ambalo sikuwahi kuliona Iyolwa nzima. Lilikuwa jeusi lenye ukijani, gumu, chembe zake ndogo mno. Kisu hakikulikwaruza. Nikainua nyundo, nikapiga. Kwenye mtama jirani nikasikia mtu akikohoa, nikasema moyoni, maskini, kifua hicho. Nikapiga tena, akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nyundo ya tano jiwe likapasuka vipande viwili na kumegeka kipande kizuri cha ukubwa wa ngumi. Kule kwenye mtama kikohozi kikanyamaza. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Bwana Emuron alikigeuza kile kipande mara nyingi chini ya kioo chake. "Hii jiwe umetoa wapi?" akaniuliza.

"Iyolwa, bwana. Mwamba mzima."

"Ulikuwa umeshikana na ardhi?"

Sikuwa nimetazama. Nilichojua ni kwamba lilikuwa kwenye tope, na tope nalo ni ardhi. "Umeshikana kabisa," nikasema.

Akaniambia jiwe hilo ni la vilima vya Samia, na kama mwamba wake umefika Iyolwa basi ramani yake imekosewa. Akatoa raba akafuta mstari aliouchora kwa miezi mitatu. Mimi nilisimama pembeni nikiwaza nitavaa shati gani siku ya kupokea barua.

Kesho yake tukaenda na gari. Kijitoni hapakuwa na mwamba wowote. Palikuwa na shimo dogo kwenye tope, lenye kina cha sufuria, na alama za kitu kizito kilichoburutwa kuelekea nyumbani kwa watu. Bwana Emuron akazifuata alama. Mimi nilianza kuijua njia ile, na kila tulivyosogea nilibaki nyuma zaidi. Alama zikaishia kwenye ua wa wakwe zangu, mbele ya jiko la mama mkwe, na vile vipande viwili vilikuwa vimelazwa pale chali. Kwa juu jiwe lilikuwa laini, limebonyea katikati. Mimi nililikuta limelazwa kifudifudi ili likauke.

Bwana Emuron akapiga goti, akapitisha kiganja. "Obbo," akasema, "mwamba wako umesaga unga wa wimbi."

Nimezaliwa katika nyumba yenye jiwe la kusagia. Nimelala kwa mlio wake utoto wangu wote. Na bado nililipiga nyundo tano.

Ndani ya jiko, nyuma ya ukuta, ikatoka sauti ya mama mkwe. Alikuwa akisema na Awor, lakini kwa kiasi cha kusikika hata barabarani. "Awor, mwulize yule mwenye nyundo kama hakunisikia nikikohoa. Nimepeleka jiwe langu mtoni kulitia meno upya lipate kusaga, nimeliosha, namwona mkwe anakuja, najificha kwenye mtama kama inavyotakiwa. Ningetokaje? Nilikohoa mpaka koo likawasha. Nimesimama pale namtazama akinivunjia jiwe, mdomo nimeuziba kwa mkono."

Awor alitoka mlangoni kunifikishia maneno ambayo kila mtu alikuwa ameyasikia. Alinitazama, kisha akatazama chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Bwana Emuron alicheka hadi akakaa kwenye kinu. Alipomaliza aliuliza jiwe lilitoka wapi, na mama mkwe akamjibu kupitia kwa Awor kwamba alilibeba kichwani kutoka Samia alipoolewa, maana mawe ya huku hutia mchanga kwenye unga. Bwana Emuron akaandika kila neno. Garini hakucheka tena. "Kuvunja jiwe si neno," akaniambia. "Lakini mimi nilikuuliza kama limeshikana na ardhi." Ijumaa ile nikaacha kazi.

Kazi sikuililia sana. Nilimlilia Awor. Nikatuma ujumbe kwamba nitaleta jiwe lingine, nikavuka Busia, nikapanda vilima vya Samia upande wa Kenya. Sikumwuliza mtu. Nililikwaruza kwa kisu, nikalichagua, nikalibeba kichwani siku mbili, kazi ambayo kwetu mwanaume haifanyi. Mpakani askari akauliza nimebeba nini. Nikamwambia jiwe la mama mkwe. Akaniangalia shingo, akaniambia nipite.

Iyolwa nikakaribishwa nyumba ya shemeji, katika ua ule ule, na mama mkwe akasaga wimbi kwa jiwe lile jikoni mwake. Awor akaniletea ugali. Tonge la kwanza tu, mchanga ukalia kati ya meno. Nikameza. "Mtamu sana," nikasema kwa sauti. "Laini kama unga wa dukani."

"Awor," ikaja ile sauti kutoka jikoni, "mwulize kama meno yake ni ya chuma. Mimi nimetema."

Nikarudi na jiwe langu, bila mke. Safari ya pili, kule Samia, nilimtafuta mama mmoja, Leonida, aliyechonga na kuuza mawe ya kusagia, nikamwomba anichagulie. Akaniuliza kama mimi ndiye yule Mganda aliyepita mwezi jana akikwaruza mawe na kisu. Nikakubali. Alikagua mawe kumi na zaidi, akilowesha kila moja na kuligonga na kuinamisha sikio, na mimi nikainama naye, ingawa sikusikia chochote. Alilonipa lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Nikakaa tena nyumba ile ile ya shemeji. Nikasikia jiwe likisaga kwa muda mrefu, kisha moto, kisha mwiko. Awor akaweka sahani mbele yangu akasimama mlangoni, hakwenda. Nikatafuna polepole. Tonge la kwanza halikuwa na kitu. La pili halikuwa na kitu. La tatu, kwenye jino la mwisho kabisa, nikasikia punje moja ikilia.

Ningeweza kunyamaza. Punje ilikuwa moja, nami nilikuwa nimebeba mawe mawili kutoka Samia, shingo haigeuki, na mke wangu amesimama hatua tatu kutoka nilipokaa.

"Mchanga bado upo," nikasema. "Ni kidogo. Na sijui kama utaisha."

Awor hakunitazama, alikuwa ametega sikio kwa mama yake.

"Nikilisagia wiki moja litatulia," akasema mama mkwe. "Awor, funga nguo zako."