Taa Iliyowaka Mkononi mwa Ofisa

Juzi nilikuwa ofisi moja ya Kilosa, umeme umekatika. Mwalimu kijana wa Kisanga aliomba barua yake ya ruhusa igongwe muhuri, aende Ulaya kusomea umeme usiopita kwenye waya, wa kusukuma vyombo vya angani.

"Hakuna kitu kama hicho," ofisa alisema.

"Basi shika hii taa ya tyubu, mzee."

Kijana akawasha mtambo wake ndani ya gunia. Tyubu ikawaka mkononi mwa ofisa, nyeupe kama maziwa. Watu wakatoka mbio. Mimi nilibaki kishujaa, kwa kuwa miguu iligoma.

Ofisa akagonga muhuri kwa mkono wa pili. "Nenda, mwanangu. Kasome mbali kabisa."

Kijana akaondoka na gunia lake. Tyubu haikuzimika.

"Bwana mwandishi," ofisa akaninong'oneza, "nishikie kidogo."

Simba wa Mikumi nimewahi kumfukuza kwa kofia. Ile taa sikuipokea.